Kabla Hujaagiza Meza Mpya, Kwanza Kaa Kwenye Ngazi

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kupanga ofisi upya nilikuwa afisa utawala nisiye na uzoefu wowote, mwenye katalogi tatu za samani na bajeti iliyokwisha kupitishwa. Tulikuwa watu 58 kwenye ghorofa moja. Nikang'oa vizigeu vyote, nikaagiza meza ndefu za watu wanane wanane, nikapaka ukuta mmoja rangi ya chungwa na kutupia matakia makubwa pembeni. Siku ya ufunguzi tulikata utepe na mkurugenzi akapigwa picha. Wiki tatu baadaye lifti iligoma, nikashuka kwa ngazi za dharura. Nikawakuta wenzangu wanne wamekaa, kila mmoja na kona yake, simu sikioni na kompyuta mpakato mapajani. Hawakuwa wanakwepa kazi. Huko ndiko walikokuwa wanaifanyia.

Juu nako, mhasibu wetu mkuu, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa amelivuta kabati la mafaili akaliweka nyuma ya kiti chake. Nikalirudisha ukutani. Kesho yake lipo tena mgongoni kwake. Nikalirudisha. Mara ya tatu nilimwamkia nikaanza kulisukuma, naye hakuinua hata macho. "Marahaba mwanangu," akasema, "ila hilo si kabati. Hilo ni ukuta. Nikiandaa mishahara ya watu sitaki mtu apite nyuma yangu."

Tangu siku ile nimepanga ofisi nyingine kadhaa, za kwetu na za watu, na huwa naanzia palepale: watu wanakimbilia wapi, na ni vitu gani wamevisogeza bila kuomba ruhusa. Kabati lililosogezwa ni barua ambayo mtu hakuona wa kumwandikia. Nitakayoeleza hapa ni namna ya kuzisoma barua hizo, halafu namna ya kuzijibu bila kuharibu pesa.

Hesabu kwanza

Utahitaji ramani ya sakafu iliyochorwa kwa mkono, penseli, na viatu visivyopiga kelele. Kwa wiki mbili kamili, kila saa, zunguka ofisi nzima kwa njia ileile na uweke alama kwenye kila kiti. Mimi hutumia alama nne. Duara: mtu yupo, anafanya kazi peke yake. Duara lenye mkia: anaongea na simu au yuko kwenye kikao cha mtandaoni. Maduara mawili yaliyogusana: watu wanazungumza. Msalaba: koti au mkoba upo, mwenyewe hayupo. Kiti kitupu kiache kitupu.

Wiki moja haitoshi, kwa sababu kila ofisi ina wiki yake ya kufunga hesabu au kuwasilisha ripoti, na ukihesabu wiki hiyo peke yake utapanga ofisi ya dharura. Waambie watu unachofanya kabla hujaanza, na usiandike jina la mtu. Usipowaambia, kufikia saa nne asubuhi uvumi utakuwa umezunguka kwamba kuna watu wanapunguzwa, na kuanzia saa tano kila kiti kitakuwa na mtu aliyenyooka kama yuko kwenye mtihani.

Kwetu saa iliyojaa kuliko zote ilikuwa Jumanne saa tano: viti 37 kati ya 58. Chumba cha mikutano cha watu kumi na wawili kilikuwa kimehifadhiwa siku nzima kwenye daftari, lakini kila nilipochungulia nilikuta mtu mmoja, sanasana wawili. Kumbe hatukuwa na uhaba wa vyumba. Tulikuwa na chumba kimoja kikubwa kinachofanya kazi ya vinne vidogo. Hesabu hiyo moja ilituepusha na ukuta wa pili wa vioo ambao tayari nilikuwa nimeuombea makadirio.

Angalizo kwa wenye wafanyakazi wanaokuja siku chache tu kwa wiki, hali ambayo tangu 2020 imekuwa ya kawaida sehemu nyingi: usipange kwa wastani. Wastani unasema watu 30, lakini watu huja siku ile ambayo wenzao wanakuja, na siku hiyo watakuwa 45 wakitafuta pa kukaa. Panga kwa siku iliyojaa, kisha ujiulize viti vya ziada vinaweza kufanya kazi gani nyingine siku tulivu.

Daftari la pili ni la vitu vilivyotengenezwa kienyeji. Kadibodi iliyobandikwa kwenye tundu la kiyoyozi. Boksi la karatasi za printa chini ya miguu ya mtu mfupi, na rimu mbili chini ya skrini ya mtu mrefu. Hedifoni masikioni ambazo hazipigi chochote. Usikimbilie kuziondoa kwa sababu hazipendezi. Boksi chini ya miguu linakuambia meza iko juu mno kwa mwenye nalo: meza isiyoshuka wala kupanda huwa na kimo cha sentimeta 72 hadi 75 hivi, kwa hiyo mtu mfupi akipandisha kiti ili mikono ifike, miguu inaning'inia. Kumnunulia kibao cha kuwekea miguu ni kazi ya nusu saa, naye alikuwa ameishi na boksi mwaka mzima.

Ukifika kwenye kuuliza, usiwaulize watu wanataka nini. Watakutajia walichokiona kwenye picha: bembea, meza ya mpira wa mezani, bustani juu ya paa. Waulize: "Jana ulikwama wapi?" Hapo utaambiwa kuhusu mlango unaogonga, printa iliyo nyuma ya kichwa cha mtu, na meneja anayeweka simu kwenye spika.

Tulivyofika kwenye meza ndefu

Nikipewa nafasi ya kuzungumza na wakubwa huwa natumia dakika tano kwa historia. Siyo mapambo. Historia ya ofisi ni historia ya mawazo mazuri yaliyonunuliwa nusu.

Mwaka 1906 mbunifu majengo Frank Lloyd Wright alikamilisha jengo la kampuni ya Larkin mjini Buffalo, Marekani. Lilikuwa na ukumbi mrefu wenye mwanga kutoka juu na hewa iliyochujwa, jambo lisilo la kawaida wakati ule. Lakini viti vya makarani vilishikizwa kwenye meza kwa mkono wa chuma, hivyo karani hakuweza kusogea mbele wala nyuma kupita mkono huo unavyoruhusu. Jengo lilimfikiria mfagizi, aliyepitisha ufagio bila kuhamisha kiti, na msimamizi, likausahau mgongo wa aliyekaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, na kundi lao la washauri wa ofisi lililoitwa Quickborn, walivunja mistari ya meza. Waliwapanga watu kulingana na karatasi na mazungumzo yanavyosafiri, wakaweka mimea, mazulia na vizigeu vya kusogezwa. Wengi waliowaiga walichukua sehemu ya kuvunja kuta, wakaacha zulia na hesabu ya mazungumzo. Robert Propst wa kampuni ya samani ya Herman Miller akaja na samani zake mwaka 1964, akaziboresha mwaka 1968: paneli ambazo mtu angezifungua na kuzipanga atakavyo, zenye pembe pana, na mahali pa kufanyia kazi umesimama. Wanunuzi wakagundua kwamba paneli zilezile zikikunjwa kwa pembe mraba zinabana watu wengi kwenye nafasi ndogo. Hivyo ndivyo vile vijumba vya kijivu vilivyozaliwa, kutokana na wazo lililokusudia kinyume chake kabisa.

Miaka ya 1990 kampuni ya matangazo ya Chiat/Day huko Los Angeles iliwaondolea wafanyakazi meza za kudumu. Asubuhi unachukua simu na kompyuta dirishani kama unayeazima kitabu maktaba, halafu unatafuta pa kukaa. Kompyuta hazikutosha, na watu wakaishia kuhifadhi mafaili kwenye buti za magari yao. Haikuchukua miaka mingi kampuni ikaachana na mpango huo. Katika muongo huohuo kampuni ya bima ya Interpolis mjini Tilburg, Uholanzi, nayo iliondoa meza za kudumu na ikafanikiwa. Walijenga aina mbalimbali za mahali pa kazi, pa kimya na pa maongezi, na wakampa kila mtu pa kutunzia vitu vyake. Wazo lilikuwa moja, ila Tilburg walinunua na nusu ya pili.

Kwa hiyo bosi wako akikuambia "tuondoe meza za kudumu, tutaokoa nafasi," usibishe. Muulize nafasi itakayookolewa itageuzwa kuwa nini. Kama jibu ni "tutarudisha kwa mwenye nyumba", watu wataenda kwenye ngazi.

Sauti, tena sauti

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu kila ofisi niliyowahi kuhesabu ililalamikia kelele kabla ya kitu kingine chochote, na kila bajeti niliyokabidhiwa haikuwa na hata mstari mmoja wa kelele.

Kinachosumbua si ukubwa wa sauti. Ni maneno. Feni inanguruma siku nzima na mtu anaandika ripoti yake, lakini jirani akinong'ona "nasikia fulani ameacha kazi", kalamu inasimama. Na nusu ya mazungumzo inasumbua kuliko mazungumzo kamili: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionesha mwaka 2010 kwamba mtu anayesikia upande mmoja wa simu hukosea zaidi kwenye kazi inayotaka umakini kuliko anayesikia pande zote mbili, kwa sababu akili inahangaika kujaza pengo. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye hedifoni anayejibu "ehee… hapana… lini?" anaweza kuisimamisha meza nzima ya watu wanane.

Wataalamu wana kipimo kinachoeleza umbali ambao maneno ya mtu yanaacha kueleweka kiasi cha kuvuruga umakini. Kimo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3382-3, na hupimwa kwa vifaa. Mimi natumia gazeti. Siku ofisi ikiwa tupu, mtu mmoja akae kwenye meza asome gazeti kwa sauti ya kawaida ya kuongea na simu. Mwingine arudi nyuma hatua moja moja, akisikiliza, mpaka afike pale anaposikia sauti lakini hashiki maneno. Hesabu hatua. Kwenye ofisi yangu ya meza ndefu nilifika ukuta wa mwisho bado naelewa kila neno, pamoja na bei ya mahindi. Halafu piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaodunda juu kama umepiga kwenye tangi, dari yako na sakafu yako ni ngumu mno.

Tiba inaanzia juu. Dari ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ambayo haijawekewa kitu, na dari inayonyonya sauti inafanya kazi ambayo zulia peke yake haliwezi. Kama dari haiguswi, ning'iniza paneli nene za sufu au za nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa juu ya makundi ya meza. Kisha kizigeu kati ya meza zinazotazamana, kirefu cha kumfunika aliyekaa mpaka juu ya kichwa, laini pande zote mbili. Kioo hakisaidii, kinaonesha faragha bila kuitoa, na sauti inadunda juu yake.

Lakini dari na vizigeu bila mpangilio ni kumwaga maji kwenye pakacha. Watu wa simu, yaani mauzo na huduma kwa wateja, waketi pamoja karibu na mlango mkuu na sehemu ya chai, ambako tayari kuna pitapita. Watu wa kusoma, kuhesabu na kuandika waketi mwisho wa ofisi, mahali ambapo hapaendi kokote. Neno muhimu ni hilo: hapaendi kokote. Ukiweka printa, kabati la vifaa au njia ya chooni nyuma yao, umewapa barabara kuu.

Halafu vibanda vya simu. Kimoja kwa kila watu kumi ndio mwanzo wangu wa hesabu, kisha naongeza au kupunguza kwa kutazama yale maduara yenye mikia. Kibanda kiwe na feni inayobadilisha hewa, soketi, kimeza cha kuweka kompyuta, na taa mbele ya uso badala ya juu ya utosi, la sivyo kila mtu ataonekana kwenye kikao cha mtandaoni kama anahojiwa na polisi. Na kiti kisiwe kizuri sana. Fundi seremala wetu alinishangaa nilipomwomba stuli isiyo na mto. Alielewa alipokuta kibanda cha ofisi ya jirani kimegeuzwa kuwa chumba cha mtu mmoja, na picha ya watoto wake imebandikwa ukutani.

Mwanga na hewa

Kanuni ya mwanga ni fupi. Kazi ya kusoma na kuandika inahitaji takriban lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga) juu ya meza, kiwango kinachotumika kwenye kanuni za Ulaya, na kuna programu za simu za kupimia ambazo si sahihi sana lakini zinatosha kukuonesha meza iliyo gizani. Skrini zielekezwe ubavu kwa dirisha. Dirisha likiwa mbele linakupofusha, likiwa nyuma linajitazama kwenye skrini.

Ugumu uko kwenye madirisha yenyewe, kwa sababu madirisha ni cheo. Mkurugenzi wetu alikuwa na chumba cha pembeni chenye madirisha pande mbili, na kwa hesabu yangu alikitumia chini ya theluthi moja ya saa za kazi. Sikumwambia akiache. Nilimwomba akae siku mbili kwenye meza ya dada wa manunuzi, iliyokuwa katikati kabisa, chini ya taa inayopepesa. Siku ya pili mchana akaniita: "Wewe, hivi huyu dada amewezaje?" Chumba chake kikawa cha vikao vidogo, yeye akahamia kijumba cha ndani chenye mlango unaofunga vizuri, maana alichohitaji kweli ni mlango.

Kuhusu hewa, nunua kipimo kimoja kidogo cha kaboni dayoksaidi ukizungushe. Hewa ya nje ina karibu sehemu 420 kwa kila milioni. Ndani, ikivuka 1,000, ujue watu wanavuta pumzi za wenzao kuliko inavyofaa. Kiweke kwenye chumba cha mikutano chenye watu wanane na mlango umefungwa, uone namba inavyopanda kabla ajenda ya tatu haijafika. Watu huacha kubishana juu ya kiyoyozi wakiiona namba, kwani kiyoyozi kingi cha ukutani kinapoza hewa ileile tu, hakileti mpya.

Chora kwa tepu, jenga kwa kadibodi

Usiagize kitu kabla hujakikalia. Namaanisha hivyo: chora kila meza na kila chumba sakafuni kwa tepu ya karatasi, kwa ukubwa wake halisi, kisha ukae ndani. Simamisha kuta za kadibodi mahali vibanda vitakapokuwa. Wape watu wa idara moja wafanye kazi humo wiki mbili na kalamu ya kuchora juu ya kadibodi. Kwenye zoezi letu la pili tuligundua kwamba mlango wa chumba cha kimya ulifungukia njia ya chai. Kwenye mchoro tulikuwa tumeuangalia mara ishirini.

Tepu pia ndiyo inayosema ukweli kuhusu nafasi ya kupita. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la sentimeta 150 ili kigeuke, na njia isiyopungua sentimeta 90. Pita mwenyewe na kiti, au bora umwombe mwenzako anayekitumia apite na aseme. Usisubiri aje aajiriwe ndipo uanze kuhamisha makabati. Hapohapo tenga chumba kidogo chenye kitasa cha ndani, kiti, beseni la maji na jokofu dogo, kwa mama anayekamua maziwa, kwa anayeumwa kichwa, kwa anayetaka kusali. Kisigeuzwe stoo. Kitajaribu kugeuka stoo kila mwezi, na kila mwezi utoe maboksi.

Nani akae karibu na nani

Watu wakisema "utamaduni wa kazi" mara nyingi wanafikiria maneno yaliyopakwa ukutani. Mimi nafikiria mita. Thomas Allen wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alifuatilia mawasiliano ya wahandisi na watafiti, na katika miaka ya 1970 akaonesha kwamba kadiri meza zinavyoachana ndivyo watu wanavyopungua kuzungumza, na wakipita mita 50 ni kama wako miji tofauti. Kwa hiyo kabla ya kuamua nani akae wapi, chukua karatasi uandike kila idara inamtegemea nani kila siku, siyo nani yuko chini ya nani kwenye chati. Kwetu manunuzi walikuwa chini ya fedha kwenye chati, lakini siku nzima walikuwa wanabishana na stoo. Tuliwaweka karibu na stoo, na barua pepe zenye herufi kubwa zikapungua.

Ila usivuke mpaka, ukadhani ukiondoa kila kizuizi watu watazungumza zaidi. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha utafiti wao wa makampuni mawili yaliyohamia ofisi za wazi. Wafanyakazi walivaa vifaa vya kurekodi nani anakutana na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa asilimia 70 hivi, na ujumbe wa kompyuta ukapanda. Mtu akionekana na kila mtu hujifunika kwa hedifoni. Mahali pa kukutania pawepo, lakini pawe pembeni ya njia, pa kusimama dakika mbili na kikombe mkononi. Sehemu moja ya chai iliyo katikati inafanya kazi kuliko tatu ndogo.

Sasa jambo ambalo nililiharibu kwa mikono yangu. Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walifanya majaribio waliyoyachapisha mwaka 2010. Baadhi ya watu walifanya kazi kwenye chumba kitupu, wengine kwenye chumba kilichopambwa kwa mimea na picha, wengine wakaachiwa wapange mapambo wenyewe. Waliojipangia walifanya vizuri kuliko wote, karibu theluthi moja zaidi ya wale wa chumba kitupu. Kundi la nne liliachiwa lipange, kisha msimamizi akaja akapangua kila kitu mbele yao. Faida yote ikayeyuka. Niliposoma hayo nililikumbuka lile kabati. Mara tatu nililirudisha ukutani.

Kwa hiyo mimi napanga vitu vizito tu: kuta, taa, dari, njia, vyoo. Kilichobaki, yaani rangi ya kizigeu, mahali pa mmea, upande wa kutazama, namwachia mwenye meza au timu yake, na naandika kwenye taratibu kwamba hakuna mtu wa utawala anayeruhusiwa kukigusa bila kuuliza, isipokuwa kinapoziba njia ya dharura. Kama meza si za kudumu, timu ipewe mtaa wake, kila mtu apewe kabati lenye kufuli la kuingiza begi, kompyuta na viatu, na mhasibu asihamishwe. Si kila kazi inahama. Mtu mwenye mafaili ya karatasi, skrini tatu au siri za watu mkononi apewe meza yake, na wengine waelezwe kwa nini.

Vikao vyenye watu nusu chumbani na nusu mtandaoni vinahitaji mambo mawili madogo: skrini iwe kichwani mwa meza, walio mbali waonekane kama wamekaa nasi, na kipaza sauti kiwe katikati. Kipaza sauti kizuri kinasaidia kuliko kamera nzuri.

Mpangilio wa kununua

Anza na viti. Kisha sauti, kisha taa, kisha meza. Rangi na matakia mwisho kabisa, kwa pesa iliyobaki, na mara nyingi haibaki. Kiti kipimwe na watu watatu tofauti, mfupi, mrefu na mnene, siku nzima kila mmoja, siyo kukalia dukani dakika tano. Na usitumie bajeti yote. Mimi nafungia sehemu moja ya tano mpaka watu wamekaa miezi mitatu, kwa sababu ndipo maboksi na kadibodi zinapoanza kutokea upya, na sasa unazo pesa za kuzijibu. Wakubwa hawapendi kuona pesa imelala. Waoneshe picha za boksi chini ya miguu.

Baada ya miezi mitatu rudia hesabu, njia ileile, alama zilezile. Tulipofanya hivyo kwetu, chumba kikubwa cha mikutano kilikuwa kinakaa watu kumi kweli, na vibanda vilikuwa na mikia tele. Mama yetu wa uhasibu alikuwa amepata rafu ndefu nyuma yake, yenye mgongo wa sufu, aliyoichagua mwenyewe. Kabati nalo lilikuwepo, ubavuni. Sikuuliza.

Ngazi nilizipitia mwisho. Zilikuwa tupu, isipokuwa kijana mmoja wa mauzo, palepale alipokuwa siku ile lifti ilipogoma. Nikamuuliza, kibanda hakifai? Feni inapiga kelele? "Hapana bosi, kibanda ni kizuri sana," akasema, akainua simu yake nione. "Ila mtandao unashika hapa tu." Ngazi za dharura haziwekwi kiti. Nikaandika "mtandao" kwenye daftari, na Jumatatu fundi wa simu akaja na ngazi yake ya kukunja, akaanza kupima kibanda kimoja baada ya kingine.